Sare Iliyoanikwa Msimbu

Kilichonitoa nyumbani ni Meza ya Bwana. Zilikuwa zimebaki siku nne tushiriki, na mchungaji wetu akaniita pembeni Jumatano baada ya sala ya asubuhi. Ni mtu asiyependa kumwaibisha mtu, kwa hiyo alisema polepole huku anafunga dirisha la kanisa, kama vile dirisha ndilo analozungumza nalo.

"Mama Upendo, Jumapili mimi sitakuzuia. Ila Mama Tekla ameondoka hapa na uchungu, na wewe unajua. Nenda kwanza."

Nilijua, au nilidhani najua. Naandika safari hii kwa ajili ya wenzangu wa Tangini, maana waliosikia sala yangu ya sikukuu ya wanawake walikuwa wengi, na ni haki wasikie na haya. Mama Tekla mwenyewe amenipa ruhusa, kwa sharti kwamba nisimpambe. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie mahali nitakapokosea.

Kwa asiyetufahamu, mimi ni mwenyekiti wa umoja wa wanawake katika usharika wetu hapa Tangini, Kibaha. Kazi yangu ni fundi cherehani. Sare yetu ya kitenge cha zambarau, chenye michoro ya taa nyeupe, naishona mimi, na shingoni naizungushia utepe mweupe. Tulikuwa na sheria kwamba siku ya sherehe asiye na sare hakai mbele. Anakwenda jikoni kuosha vyombo. Kwa haki, sheria hiyo tuliipitisha wote kwa kunyoosha mikono, na Mama Tekla naye alinyoosha. Lakini aliyeileta ni mimi, na anayeshona sare ni mimi, na hilo sitaki kulificha.

Mama Tekla ni mjane. Alikuwa amepanga chumba huku kwetu Tangini, anachoma maandazi asubuhi, na ana kishamba chake cha mihogo Msimbu, upande wa Kisarawe. Siku ya sikukuu ya wanawake alikuja amechelewa, amevaa gauni la kijani. Nilimkuta mlangoni, watu wanatuangalia. Nikamwambia, "Mama Tekla, sheria unaijua." Alizunguka nyuma ya kanisa akaenda kwenye masufuria. Baada ya wiki mbili tukasikia amehamia Msimbu, na tangu hapo hatukumwona tena kanisani.

Basi mimi nikajua kosa langu ni lile la masufuria. Jumatano hiyo hiyo nikaweka kando kazi za wateja, nikafungua daftari langu la vipimo, nikakuta vya Mama Tekla bado vipo, nikamshonea sare mpya. Nilidhani hiyo ndiyo dawa. Atavaa, atakuja Jumapili, atakaa mbele pamoja nami, na watu wataona tumepatana. Ndiyo, niliandika "watu wataona". Ndivyo nilivyowaza.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilitoka Tangini nimevaa sare yangu mwenyewe. Ile mpya niliikunja kwenye mfuko pamoja na sukari na sabuni. Mume wangu aliniuliza mbona naenda kuomba msamaha nimevaa kama naenda kwenye mkutano. Nikamjibu kwamba sare ni ushuhuda. Akaendelea na chai yake.

Saa mbili nilikuwa Mbezi, nikanywa chai, nikabadilisha gari kwenda Gongo la Mboto. Niliketi na mama mmoja aliyekuwa anapeleka vifaranga kwa dada yake, wanalia ndani ya boksi miguuni kwetu. Akaniuliza sare hii ni ya kanisa gani. Nikamweleza, na swali lake lilikuwa dogo kuliko jibu langu. Nikamweleza uongozi wangu, nikamweleza na kwamba naenda mbali kumwomba radhi mtu aliye chini yangu. Nilisema hivyo hivyo, "aliye chini yangu". Yule mama akasema, "Hongera, mama. Wengine hawawezi." Gongo la Mboto nikapanda gari jingine, na hongera hiyo niliibeba hadi Kisarawe. Tulipopanda vilima vya Pugu, miti imefunga pande zote mbili na hewa imepoa, nilikuwa nairudia sentensi niliyoitunga: "Mama Tekla, kama nilikukwaza kwa habari ya vyombo, nisamehe." Ile "kama" niliiweka makusudi. Fundi huacha nafasi kidogo kwenye mshono, ili nguo ikibana apate pa kuachia.

Saa nne na nusu, Kisarawe mjini. Nilimwambia dereva wa bodaboda kwamba namtafuta Mama Tekla, mgeni wa huko Msimbu. Akacheka kidogo. Akasema Mama Tekla si mgeni, ni yule wa kwa Bibi Mwajuma, na kwamba hata yeye aliwahi kumbebea maji. Barabara ni ya mchanga mwekundu, mikorosho kushoto na kulia, mihogo imesimama kwa mistari. Tulipishana na mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, akatuitikia salamu bila kuinua kichwa.

Nilipofika sikuanza kuona nyumba, niliona kamba ya nguo. Imefungwa kutoka kwenye nguzo ya banda la kuku hadi kwenye mpapai, na juu yake vimeanikwa vipande vya kitenge cha zambarau chenye taa nyeupe. Vimekatwa mraba mraba, kama kumi na viwili hivi. Kimoja bado kilikuwa na utepe mweupe wa shingo pembeni.

Mshono wangu naujua kama mtu anavyojua mwandiko wake. Nilisimama pale na mfuko wangu, na namwambia Mungu ukweli, moyo wangu uliwaka. Nikasema moyoni: kumbe aliikata. Kumbe siku ile hakuisahau nyumbani, ameifanya matambara. Ile sentensi yangu ya msamaha nikaiweka kando, nikaanza kutunga nyingine.

Mama Tekla akatoka nyuma ya nyumba na beseni, mikono ina povu hadi kwenye viwiko. Amekonda. Aliponiona alisimama, akaniangalia usoni, akaiangalia sare yangu, akaniangalia tena usoni.

"Karibu, Mama Upendo. Nisamehe sikupi mkono. Pita ndani umsalimie Bibi kwanza."

Ndani kulikuwa na kitanda cha kamba, na juu yake bibi mzee wa Kizaramo, mdogo, amefungwa kanga kichwani. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umelala kwa kiharusi, lakini mdomo haukulala. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kwa ile sauti ya kuvuta ya wazee wa kule, akaniuliza ninatoka wapi. Nikasema Kibaha, kanisani kwa Mama Tekla.

"Ndiye wewe mwenye maombi?" akasema. Akamgeukia Mama Tekla kwa macho. "Tekla, ndiye huyu?"

"Ndiye, Bibi. Mwache apumzike."

"Simkatazi kupumzika. Namuuliza tu, amekuja kuniombea na mimi?"

Mama Tekla alicheka. Mimi nikacheka pia, ingawa sikuelewa nacheka nini.

Habari yote niliipata kipande kwa kipande, nyingine kwa Bibi, nyingine kwa Mama Tekla, naiweka hapa kwa mpangilio. Bibi Mwajuma ni Mwislamu, jirani wa lile shamba. Mama Tekla alipofiwa na mume akaja Msimbu kutafuta pa kulima, hajui mtu, bibi huyu ndiye aliyempa jembe, akampa na pa kulala msimu mzima bila kumuuliza dini wala kabila. Bibi alipopatwa na kiharusi, mwanawe wa pekee, Mwanahawa, alikuwa na kazi yake Maili Moja kule kwetu na watoto wanaosoma. Mwanahawa si mtu mbaya, nami sitaki mtu amfikirie vibaya. Kila Jumapili anakuja na sabuni, unga na dawa, na anashinda na mama yake. Siku sita zilizobaki Mama Tekla akazichukua yeye. Kwanza alikuwa anakwenda na kurudi. Mgonjwa asiyeweza kuinuka anahitaji vitambaa vya kumtandikia, vya kubadilisha mara nne, mara tano kwa siku. Mama Tekla alimaliza kanga zake, akamaliza shuka. Nguo yake laini iliyobaki ilikuwa sare.

Asubuhi ya sikukuu yetu alitoka Msimbu alfajiri baada ya kumsafisha Bibi, ndiyo maana alichelewa. Alikuja na gauni la kijani kwa sababu ndilo lililokuwa safi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia pale mlangoni. Akasema, "Hukuuliza."

Saa sita ilifika zamu ya kumgeuza Bibi. Mama Tekla akaniomba nishike bega na kiuno nimvutie kwangu, yeye atoe kitambaa cha chini. Kazi ya dakika moja. Nikashika. Alipofunua shuka harufu ikanipanda ghafla, nikaona na kidonda cha mgongoni. Nikaachia. Bibi akarudi nyuma kwa uzito wake wote akagonga ukuta, akatoa sauti ndogo ambayo bado naisikia. Mimi nilikuwa nimeshatoka nje, nimeshika nguzo ya banda la kuku, natapika chai ya Mbezi.

Kutoka ndani nikamsikia Bibi akisema, "Usimcheke, Tekla. Tumbo halina dini."

Hakuna aliyenicheka. Wangenicheka, ingekuwa nafuu.

Mama Tekla alipomaliza akaja na beseni la vitambaa, akakaa kwenye kigoda karibu na pipa la maji akaanza kufua. Nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Ile sentensi ya pili, ya kumkaripia, ilikuwa imeshakufa yenyewe. Nikarudia ya kwanza, na nilipofika kwenye "habari ya vyombo" yeye akaacha kufua.

"Vyombo?"

"Vile vya sikukuu. Kukupeleka kwenye masufuria."

Alitabasamu. "Mama Upendo, mimi masufuria naosha tangu nina miaka saba. Siku ile nilishukuru kabisa. Kule mbele ningesinzia, ningekuaibisha." Akachukua kitambaa kingine. "Mimi uchungu wangu ni ile sala."

Nikamuuliza sala gani. Sikuwa najifanya. Nilikuwa sikumbuki.

Akanikumbusha neno kwa neno, macho yake kwenye povu. Mwisho wa sherehe nilishika kipaza sauti kufunga kwa maombi. Nikaomba kwa ajili ya wageni, kwa ajili ya wagonjwa, kisha nikasema: Bwana, tunamleta kwako mwenzetu mmoja aliye nyuma ya jengo hili, anayeona aibu kuvaa vazi walilovaa dada zake, umvunje kiburi, umrudishe. Jina sikulitaja. Lakini nyuma ya jengo kulikuwa na wasichana wawili tu wa kwaya na yeye.

"Wote wakaitikia amina," akasema. "Spika iko pale pale nyuma ya kanisa, juu ya bomba. Wale wasichana wakaniangalia, halafu wakainamisha macho. Mtu akikutukana, unaweza kumjibu. Akikuombea, utamjibu nini?"

Nilisema, "Nisamehe," bila ile "kama". Nilisema mara mbili, ya pili haikutoka vizuri.

Alisuuza kitambaa, akakikamua.

"Nimekusamehe. Sitakudanganya kwamba kote moyoni kumekuwa sawa, lakini nimekusamehe. Jumapili shiriki. Ila usiniombee tena kwa kipaza sauti."

Nikamwambia siombi tena hivyo. Nikamuuliza kama atarudi Tangini. Akauliza atarudi vipi na Bibi yuko hapa. Ndipo nikautoa mfuko, maana nilikuwa sijui nifanye nini kingine, nikamkabidhi sare mpya. Alikausha mikono kwenye gauni lake kabla ya kuishika. Akausifu mshono. Kisha akaipitisha kwenye shavu, kama tufanyavyo mafundi, akatikisa kichwa.

"Nzuri. Nitaitunza ya kanisani. Kwa Bibi haifai, bado ina ugumu wa dukani, itamchubua kidonda. Vinavyofaa ni vya zamani, vilivyofuliwa sana. Kama hicho chako."

Hakuwa ananiomba. Aliongea habari za kitambaa tu, na kitambaa ni lugha yetu sote wawili. Lakini niliitazama sare yangu. Nimeivaa na kuifua miaka mitano, imelainika kama kanga ya uzazi. Ukutani palikuwa na dera lake limetundikwa. Ningeweza kubadilisha dakika ile ile. Nikajiona nashuka kwenye gari pale Maili Moja nimevaa dera la mtu lililopauka, na kila mtu pale ananifahamu. Nikasema, "Nikifika nyumbani nitaangalia kama kuna vitambaa vya zamani."

"Haya," akasema. "Asante."

Saa nane alinikaribisha chakula, muhogo na kisamvu. Alileta jagi na beseni akaninawisha mikono, mikono ile iliyomwachia Bibi, na akahakikisha maji yana uvuguvugu. Nilikula kwa sababu kukataa kungekuwa kosa jingine. Nilipoaga nilisingizia ile chai ya Mbezi, na Bibi akaniambia nisipotee, na nikija tena nisinywe chai Mbezi.

Njia ya kurudi sina mengi ya kueleza. Mtu mmoja kwenye gari aliniuliza sare ile ni ya wapi. Nikajibu Kibaha, nikageukia dirishani.

Ijumaa asubuhi nilifungua daftari langu. Huwa naandika kila siku mistari miwili mitatu, tabia niliyoianza tangu nilipopewa uongozi. Nikaitafuta siku ya sikukuu. Niliandika hivi: *Leo nimemwombea Mama Tekla mbele ya watu wote, machozi yakanitoka. Bwana ashukuriwe.* Nimesoma mstari huo mara nyingi. Kwa haki yangu, machozi yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumamosi nilivua sare yangu nikaiweka mezani. Nilianza na utepe wa shingo, nikaufumua wote, usije ukamkwaruza mgonjwa. Kisha nikakata. Nimekata vitambaa maisha yangu yote, lakini mkasi ule ulikuwa mzito. Vilitoka vipande kumi na vinne. Nikavikunja pindo zote kwa mkono, maana cherehani huacha mshono mgumu.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, nilikwenda Maili Moja kumkuta Mwanahawa kabla hajaondoka kwenda kwa mama yake. Mama Tekla alikuwa amenielekeza kwake. Nilimkabidhi mfuko, nikamwambia ni vya Bibi, vimeshafuliwa. Alinishukuru, akauliza aseme vimetoka kwa nani. Nikasema hakuna haja. Nikatembea hatua chache, nikaanza kujiona mwema kwa kusema hakuna haja. Nikarudi nikamwambia, "Sema ni yule aliyemwangusha." Mwanahawa hakuelewa, lakini alisema atafikisha.

Nilishiriki Meza ya Bwana. Siwezi kuandika kwamba nilistahili. Niliruhusiwa, basi.

Siku hiyo tulikuwa na ugeni wa akina mama kutoka usharika mwingine, na baada ya ibada kulikuwa na chakula. Nilikuwa nimevaa gauni langu la bluu. Katibu wetu, Mama Rehema, akanishika mkono mlangoni.

"Mwenyekiti, sare iko wapi?"

"Sina."

"Huna vipi? Wewe?"

Naomba mniamini, habari nzima ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Kamba ya nguo, Bibi, vipande kumi na vinne. Nilishajiona nimeshika kipaza sauti na watu wanalia. Nikasema, "Sina tu, Mama Rehema. Sheria unaijua." Nikazunguka nyuma ya kanisa.

Masufuria yalikuwa ya pilau, matatu makubwa, ukoko umeshika chini. Wale wasichana wawili wa kwaya walikuwa pale pale. Wakasimama waniachie kigoda, wakataka kunizuia. Nikawaambia waendelee, nikachukua steelwire ya kusugulia nikaingiza mikono.

Sherehe ikafika mwisho. Spika ile juu ya bomba ikakwaruza, na sauti ya Mama Rehema ikaanza kufunga kwa maombi. Aliwaombea wageni, akawaombea wagonjwa. Kisha akasema: Bwana, na viongozi wetu tunawaleta kwako, wale wanaoweka sheria halafu wakajiona wako juu ya sheria hizo, uwavunje kiburi, uwarudishe. Mama Rehema si mtu mbaya. Hakujua. Na nikipima kwa haki, sala yake ilikuwa na kweli nyingi kuliko yangu.

Kanisa zima likaitikia amina. Wale wasichana wakaniangalia, halafu wakainamisha macho.

Nilikaa na mikono ndani ya sufuria, natafuta cha kujibu. Nikakumbuka swali la Mama Tekla. Mwisho nikasema amina, kwa sauti ya kuwatosha wale wasichana wawili, na karibu yote nilikuwa namaanisha. Kisha nikaendelea kukwangua ukoko.